Bosi Yuko Kwenye Simu Ileile Inayotuambia Tuvute Pumzi

Saa 3:40 usiku, Mbagala. Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali dada mmoja tuliyekaa dawati moja kwa karibu miaka mitatu. Wiki ile presha ilimpanda akiwa kazini, wakamkimbiza hospitali kwa bajaji, na daktari akampa ED, yaani ruhusa ya kutokwenda kazini, ya siku tatu. Tulikaa mkekani, simu yake iko sakafuni kati yetu inachajiwa. Ikatetemeka. Kwenye kioo likatokea jani la kijani na maneno ya Kiingereza kutoka kwenye programu ambayo mwajiri wetu alitulipia mwaka ule: muda wako wa kutulia umefika, vuta pumzi. Kioo hakijazimika, ikatetemeka tena. Sasa ni grupu la kazini. Msimamizi ameandika kwamba namba za leo haziridhishi, na watu wafuatao waeleze kabla ya saa 4 kwa nini hawakufikia lengo. Jina lake lilikuwa la pili kwenye orodha.

Akaniangalia. "Sasa mdogo wangu, nianze na lipi?"

Kazi ile niliiacha, lakini swali lake nimetembea nalo mpaka leo. Maofisi mengi ya mjini sasa yananunua programu za simu za namna hii, za kutuliza msongo, au yanawatumia wafanyakazi viungo vya kuzipakua kila ifikapo tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani. Hoja yangu ni kwamba programu hizi zinafanya kazi kwenye mwili wa mfanyakazi, na kwa kazi hiyo ndogo zinafaa. Kinachomsonga kiko kwenye ratiba, kwenye malengo na kwenye grupu, na huko haziingii. Mwajiri anayezinunua huku ratiba ameiacha ilivyo amemwongezea mtu wake kazi nyingine: kujitibu madhara ya kazi, kwa muda wake mwenyewe.

Nianze na kinachofaa, maana wapo wanaozibeza programu hizi bila kuzigusa, na hao wanawanyima watu nafuu ya kweli.

Zilizotangulia kuvuma ni Headspace, iliyoanzishwa London mwaka 2010 na Andy Puddicombe, aliyewahi kuwa mtawa wa Kibudha, pamoja na mwenzake Rich Pierson. Kisha Calm, iliyoanza mwaka 2012. Mwanzoni zilimuuzia mtu mmoja mmoja anayetaka kulala vizuri au kupunguza wasiwasi. Baadaye zikagundua mteja mnono zaidi, yaani mwajiri, anayelipia wafanyakazi wake wote kwa mkupuo. Ndani yake utakuta mazoezi ya kupumua, sauti za mvua na mawimbi, hadithi za kulalia, maswali ya kila siku ya "unajisikiaje", na nyingine zina mashine ya kuchati nayo kama vile unaongea na mshauri.

Utafiti upo, na si mdogo. Mwaka 2024 Jake Linardon wa Australia na wenzake walikusanya majaribio 176 ya programu za afya ya akili wakaona kwamba kwa wastani zinapunguza sonona na wasiwasi, japo kwa kiwango kidogo. Uingereza nako, jaribio lililochapishwa mwaka 2019 liliwachukua wafanyakazi 238 wa kampuni mbili kubwa, kundi moja likapewa Headspace na jingine likasubiri. Waliopewa walisikiliza kwa wastani vipindi 17 kati ya 45. Hali zao zikawa nafuu kuliko waliosubiri, na hata presha waliyojipima wakiwa kazini ikashuka kidogo. Mtu akikwambia programu hizi ni utapeli mtupu, mwambie hilo.

Mimi mwenyewe ziliwahi kunisaidia, na najua ni wapi. Kazi yetu ilikuwa kupokea simu za wateja. Ikitokea simu ya matusi, mikono inatetemeka, mdomo unakauka, na simu inayofuata inaingia kabla hujameza mate. Siku moja nilitoka nikaenda kukaa kwenye ngazi za dharura, nikafungua ile programu, nikaufuata ule mduara unaotanuka na kusinyaa kwenye kioo: hesabu nne kuvuta, hesabu sita kushusha. Dakika tano. Mikono ikatulia. Hakuna muujiza hapo. Mtu akibanwa, mwili unamwaga homoni za adrenalini na kotisoli, moyo unakwenda mbio, sukari inapanda kwenye damu ili misuli ipate nguvu ya kupigana au kukimbia. Ukipumua polepole, hasa ukirefusha ile ya kutoa, neva ya vagus inayoteremka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani inauambia moyo upunguze mwendo. Na Kiswahili kilishaliona hilo zamani. Mtu akipata nafuu hatusemi amevuta pumzi. Tunasema ameshusha pumzi. Anayeingia kwenye swala, anayeshika tasbihi au rozari, anayeimba polepole huku akipeta mchele, wote wanarefusha pumzi ya kutoka bila kusubiri jani la kijani liwakumbushe.

Kwa hiyo mfanyakazi mwenye programu kwenye simu yake asione haya kuitumia. Achukue zoezi la kupumua na la kulala, ajifunze hesabu yake mpaka aweze bila simu, basi. Hayo mawili ndiyo ninayoyaamini.

Lakini watu hawadumu nazo. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia matumizi halisi ya programu 93 za afya ya akili nje ya maabara: siku 30 baada ya kupakua, waliokuwa bado wanafungua programu ya kawaida kati ya hizo walikuwa kama asilimia 3. Wengine wote wameshaiacha pale kwenye kioo, imebaki kutuma vikumbusho. Naelewa kwa nini. Mtu anayeshuka kwenye daladala saa 2 usiku, hajapika, hajakagua daftari la mtoto, ukimwambia atenge dakika 15 za kutulia unamwongezea deni. Yule dada alikuwa na alama nyekundu kwenye ile programu: siku 41 hujafanya zoezi. Alama ileile nyekundu tuliyokuwa nayo kwenye kioo cha kazini.

Hicho kioo cha kazini nacho nikieleze, maana bila hicho hoja inaelea.

Juu kulia kulikuwa na saa inayohesabu sekunde. Simu ikizidi dakika nne, namba zinageuka nyekundu, na msimamizi anaziona kutoka kwenye meza yake. Kwenda msalani unabonyeza kitufe, dakika zinahesabiwa, mwisho wa mwezi unaambiwa jumla. Maneno ya kumjibu mteja yameandikwa, huruhusiwi kuyaacha. Asubuhi moja alipiga mama mmoja kutoka Sengerema. Alikuwa ametuma ada ya mwanawe kwa simu, akakosea tarakimu moja, na aliyeipokea hapokei tena simu. Mtoto yuko getini na begi. Mama hakutukana, alikuwa anaomba tu, taratibu, akiniita mwanangu. Mimi nilikuwa naiona ile hela kwenye kioo changu, naiona imekaa kwenye namba ya mtu mwingine, haijatolewa bado. Kuirudisha sikuwa na uwezo. Nilichoruhusiwa ni kufungua tiketi, yaani kuandikisha lalamiko lake kwenye mfumo, na kumwambia suala lake litashughulikiwa ndani ya saa 72. Nikamwambia. Akauliza, "Na mtoto alale wapi?" Namba zilikuwa zimeshageuka nyekundu.

Mwaka 1979 mtaalamu wa Marekani Robert Karasek aliandika makala ambayo bado inatumika kueleza jambo hili. Alisema kazi inayoumiza zaidi ni ile yenye mambo mawili kwa pamoja: madai makubwa na mamlaka kidogo. Kazi nzito ambayo mtu ana uhuru wa kuipanga na kuamua inaweza hata kumkuza. Kazi nzito ambayo mtu hana la kuamua ndiyo inayomla. Michael Marmot na wenzake walilikuta jambo la jamaa hiyohiyo kwa watumishi wa serikali ya Uingereza, katika utafiti ulioanza mwaka 1967: kadiri mtu alivyokuwa ngazi ya chini ofisini, ndivyo maradhi ya moyo yalivyomwandama zaidi kuliko wakubwa zake, na tofauti hiyo haikuelezwa yote na sigara wala chakula.

Sasa chukua ile simu ya Sengerema. Mduara unaotanuka na kusinyaa unaweza kuushusha moyo wangu baada ya simu kukatika. Mamlaka ya kuizuia ile hela kwa saa moja haunipi. Angenipa mwajiri, kwa kubadilisha kanuni moja, na kanuni hiyo ingenituliza mimi, ingemtuliza mama, na ingepunguza simu tatu nyingine alizopiga siku ileile kuulizia tiketi yake.

Neno lenyewe tunalolitumia linasema yote. Msongo unatokana na kusonga. Unasonga ugali, watu wanasongana kwenye mwendokasi, mtu anasongwa na madeni. Penye msongo pana kinachosonga. Tunapozungumza kana kwamba msongo ni kitu kilichoota kichwani mwa mtu, tunaupoteza mkono ulioushika mwiko. Shirika la Afya Duniani nalo lilipoliingiza suala la kuchoshwa kabisa na kazi kwenye mwongozo wake wa magonjwa, mwaka 2019, liliandika kwamba hali hiyo inatokana na msongo sugu wa mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa ipasavyo, na halikuihesabu kuwa ugonjwa wa mtu. Limeiweka kazini, ilikotoka.

Mtafiti wa Oxford, William Fleming, alichapisha mwaka 2024 uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi 46,336 kutoka taasisi 233 za Uingereza. Aliwalinganisha walioshiriki mipango ya kumsaidia mtu mmoja mmoja, zikiwemo programu za simu, mafunzo ya ustahimilivu na ya utulivu, na wenzao wasioshiriki. Hakuona tofauti ya maana. Kilichoonyesha dalili ya nafuu kilikuwa kujitolea kazi za jamii. Wapo waliompinga, na hoja yao ina uzito: kila mtu aliulizwa mara moja tu, haikuonekana walianzaje, na huenda walioshiriki ndio waliokuwa na hali mbaya zaidi tangu mwanzo. Nakubali. Ila ukiuweka utafiti wake kando ya lile jaribio la watu 238, sioni ugomvi. Mtu anayeifanyia kazi programu, akasikiliza vipindi vyake, anapata kitu. Taasisi nzima inayogawa programu na kuendelea kama kawaida haibadiliki. Yote mawili nimeyaona kwenye ofisi moja.

Turudi kwenye grupu, kwa sababu kwangu hapo ndipo penye tatizo kubwa zaidi la Mtanzania anayefanya kazi ya mshahara leo, na ni dogo kiasi kwamba hakuna anayeliita tatizo.

Kazi zamani ilikuwa na mlango. Ukitoka umetoka. WhatsApp imeuondoa. Bosi anatuma ujumbe saa 4 usiku, anaona tiki mbili zimekuwa za bluu, na kuanzia hapo ukimya wako una maana. Ukizima tiki za bluu, unaulizwa una nini cha kuficha. Ukitoka kwenye grupu, unarudishwa. Jumapili uko kwenye kitchen party ya mdogo wako, unachungulia simu chini ya meza, kwa sababu juzi mwenzako alichelewa kujibu akatajwa kwa jina mbele ya watu 60. Mwili hauna namna ya kujua kwamba ujumbe huu ni salamu na ule ni lawama. Kila mtetemo unaupokea kama lawama. Ndiyo maana ile programu ya jani la kijani haikumtuliza dada yangu. Nayo ilitetemeka.

Na sheria tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 ndani ya wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu. Mtu anastahili mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Anayesimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa hahesabiwi kwenye ukomo huo wa saa, lakini sisi wa kwenye madawati tunahesabiwa. Nauliza basi: msimamizi anayetaka maelezo ya maandishi kabla ya saa 4 usiku amekata mapumziko ya nani? Kwa maoni yangu, ujumbe unaodai jibu ni kazi, na kazi inahesabiwa saa. Ufaransa tangu Januari 2017 inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kutosumbuliwa nje ya saa za kazi. Kenya, Seneta Samson Cherargei aliwasilisha muswada wa namna hiyo mwaka 2022, na shirikisho la waajiri likaupinga. Huku kwetu sidhani tunahitaji kusubiri muswada. Saa 12 za mapumziko tayari ziko kwenye kitabu.

Saa hizi si suala la starehe. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo katika mwaka 2016 pekee. Hatari ya kiharusi kwa mtu wa saa hizo inakuwa kubwa kwa asilimia 35 kuliko ya anayefanya saa 35 hadi 40. Nilipoisoma hiyo nilimkumbuka yule dada kwenye bajaji, kichwa kimeegemea chuma, miaka yake 34.

Kuna programu nyingine kwenye simu zetu ambazo zinawasonga wafanyakazi kuliko hata bosi, nazo wataalamu wa kutuliza msongo hawazitaji: zile za mikopo. Mtu mshahara umeisha tarehe 12, anapakua programu, anabonyeza kukubali, anapata elfu themanini ndani ya dakika tano. Kwa kubonyeza kukubali amewapa namba zote zilizomo kwenye simu yake. Akichelewa siku moja, wanampigia shemeji yake, mchungaji wake, na mkuu wake wa kitengo. Mwenzetu mmoja picha yake ilitumwa kwenye grupu la kazini, imeandikwa mwizi. Hakuja kazini siku mbili. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni, ikazipiga marufuku. Hatua nzuri. Lakini mwajiri anayetaka kujua nini kinawanyima usingizi watu wake angeanza kwa kuuliza mshahara unaisha tarehe ngapi, na kama upo utaratibu wa kumkopesha mtu sehemu ya alichokwisha kukifanyia kazi.

Suala la siri halina maneno mengi, ila ni zito. Ukiiambia programu kwamba hulali, unalia msalani, unawaza kuacha kazi, hayo maneno yanakaa mahali. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliibana BetterHelp, inayotoa ushauri nasaha mtandaoni, ikakubali kulipa dola milioni 7.8 kwa kutoa taarifa za wateja wake kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo, ilhali iliwaahidi siri. Kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, zisichakatwe bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Na siri inaweza kuvuja hata bila jina. Kwenye kikao kimoja tulionyeshwa ukutani mchoro wa viwango vya msongo kwa kila zamu, uliotokana na majibu yetu kwenye ile programu. Hakuna jina hata moja. Zamu ya usiku ilikuwa na watu saba, na safu yake ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Tukaanza kutazamana. Kuanzia siku hiyo wote tukawa tunabonyeza kile kikatuni kinachocheka.

Programu yenyewe nayo si yako. Mkataba wa dada yule ulipokwisha, programu ilijifunga siku hiyohiyo, ikamtaka aweke kadi ya benki kama anataka kuendelea. Wakati mtu amepoteza kazi, ndipo msaada unapokatwa.

Ukitaka kuona mwisho wa njia hii, tazama Nairobi. Vijana waliokuwa wakichuja picha na video za kutisha za Facebook, wakiwa wameajiriwa na kampuni ya Sama iliyokuwa na mkataba na Meta, walikwenda mahakamani. Desemba 2024 ilifahamika kwamba zaidi ya 140 kati yao, waliochunguzwa na Dk. Ian Kanyanya wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, walikutwa na msongo wa baada ya kiwewe, wengi wao katika hali kali. Kwa kazi ya kutazama watu wakichinjwa saa nane kwa siku, swali la kwanza ni idadi ya video na saa za kuzitazama, ndipo aina ya utulivu ifuate. Kazi zetu nyingi hazifiki huko. Mpangilio wa maswali ni uleule.

Na kama ni kutafuta msaada unaofanana na sisi, sitautafuta kwenye programu za ng'ambo. Zimbabwe kuna Benchi la Urafiki, lililoanzishwa mwaka 2006 na daktari wa akili Dixon Chibanda. Bibi za mtaani walipewa mafunzo, wakakaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, wakawa wanawasikiliza watu na kuwasaidia kulitatua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipungukiwa na dalili za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Kwa Kishona hali yenyewe wanaiita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na msemaji wa Kiswahili anayesema "nina mawazo" anaielewa bila mkalimani. Kinachonivutia ni namna bibi anavyofanya kazi: anauliza tatizo ni lipi, kisha mnalichukua hilo tatizo lenyewe. Hodi ya kwanza haipigwi kwenye pumzi. Ofisi yenye watu 200 inaweza kuwa na watu wanne waliofunzwa kusikiliza, wasio wasimamizi, wanaoaminika, na wenye njia ya kufikisha jambo kwa mwenye uwezo wa kulibadilisha bila kumtaja mtu. Gharama yake haiwezi kuizidi ile ya programu ya mwaka mzima kwa watu 200 ambao wengi wao hawaifungui.

Nilikohamia, ofisi ndogo tu, meneja wetu ni mama wa makamo asiye na maneno mengi. Wiki yangu ya kwanza alituita akasema grupu la kazi litakuwa linafungwa saa 12 jioni. Akatuonyesha kwenye simu yake: unaingia kwenye mipangilio, unachagua wasimamizi wa grupu tu ndio waandike, na msimamizi ni yeye. "Na mimi sitaandika," alisema. Likitokea la dharura atapiga simu, kwa sauti yake, na utakayepigiwa utaandikiwa saa za ziada. Mzee mmoja wa stoo aliuliza, kwa heshima, kama kupiga si usumbufu zaidi kuliko kuandika. Akajibu, "Ndiyo baba, na mimi nitausikia huo usumbufu. Nikiona aibu kukupigia saa 3 usiku, basi jambo lenyewe linasubiri asubuhi."

Wiki mbili za mwanzo tuliendelea kuchungulia simu kila baada ya muda, mkono unakwenda wenyewe. Nilikuwa naifungua, naona grupu kimya, naifunga, baada ya dakika kumi naifungua tena. Meneja alipiga mara mbili mwezi ule wote, mara moja kwa sababu ya bomba lililopasuka. Kwenye wiki ya tano hivi niliamka asubuhi nikaikuta simu chini ya mto, imekwisha chaji tangu usiku, na sikuwa na habari.